Silikanti wa Tanga: umri wake umejulikanaje, na mbona hatuoni akiongezeka?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Kigombe, na baba yangu ni mvuvi. Nimesoma kwenye simu kwamba silikanti, yule samaki wa kale wa kilindini, anaishi miaka 100 na kubeba mimba miaka mitano. Nilipomsomea baba alikataa, akauliza nani alikaa chini ya bahari miaka yote hiyo kumhesabia. Naomba unieleze, hao wataalamu wamejuaje? Na jambo la pili: huku kwetu tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu mwaka 2009. Mbona basi hatusikii kwamba samaki hao wameongezeka? Baba anasema samaki mwenyewe haliki, akinasa kwenye jarife anachana wavu tu, na watu wa mjini wanamlilia kuliko wanavyomlilia mvuvi.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na baba yako mpe salamu zangu. Swali lake la nani alikaa chini ya bahari ni swali zuri kuliko anavyodhani. Wanasayansi wenyewe waliulizana hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka 40. Nitaanza na la umri, tena nitakaa nalo kwa muda, kwa sababu jibu la hifadhi limo humo humo.

Ulichosoma ni kweli. Utafiti huo ulichapishwa Juni 2021 katika jarida la Current Biology na watafiti wa Ufaransa: Kélig Mahé na Bruno Ernande wa taasisi ya bahari ya IFREMER, pamoja na Marc Herbin wa makumbusho ya taifa ya viumbe ya Paris. Hawakuvua samaki mpya hata mmoja. Walitumia silikanti 27 waliokuwa wamehifadhiwa tayari pale Paris, wote wa Komoro. Walifikaje huko? Silikanti wa kwanza kujulikana na wanasayansi alivuliwa na meli Afrika Kusini Desemba 1938. Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa akitunza makumbusho madogo ya mji wa East London, alimwona katika lundo la samaki na kukataa katakata atupwe, ingawa wenzake walimwona kama samaki wa kawaida tu. Wa pili alipatikana miaka 14 baadaye, Desemba 1952, katika kisiwa cha Nzwani. Aliyemvua alikuwa mvuvi wa kawaida, Ahamadi Abdallah, ndani ya ngalawa yake, kwa mshipi. Kumbe wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote na walishampa jina, gombessa. Komoro wakati ule ilikuwa koloni la Ufaransa, hivyo samaki wengi waliovuliwa baadaye walipelekwa Paris. Ndiyo maana mkusanyiko mkubwa uko huko hadi leo, na ndio uliotumika.

Sasa gamba. Silikanti ana magamba makubwa na mazito, yamepandana, na kila moja limefichwa sehemu kubwa chini ya mwenzake. Sehemu inayochungulia nje ina vijino vidogo vigumu. Ukipitisha kidole kuelekea kichwani unakwaruzwa. Sehemu iliyozama ndani ya ngozi ndiyo laini, na ndiyo yenye kumbukumbu. Gamba haling'oki kila mwaka likaota jingine. Linakua pamoja na samaki kwa kuongeza ukingo wake, na ukuaji unapopungua katika msimu fulani kisha ukachanganya tena, hubaki alama. Ni kama pete zinazoonekana mti ukikatwa. Wataalamu wa uvuvi wamesoma umri wa samaki kwa njia hii tangu karne ya 19, ama kwenye magamba, ama kwenye vijiwe vilivyo ndani ya kichwa cha samaki karibu na sikio, vile ambavyo hata wewe ukipasua kichwa cha changu unavikuta.

Kwa silikanti kazi hii ilifanyika mara ya kwanza miaka ya 1970. Magamba yaliwekwa chini ya hadubini, mwanga ukapitishwa kutoka chini, na pete zikaonekana wazi, chache na nene. Ubishi uliozuka ulikuwa mmoja tu: pete moja ni mwaka mmoja, au pete mbili ni mwaka mmoja? Kwa vyovyote vile, samaki mkubwa kabisa alipewa umri usiozidi miaka 20 na kitu. Vitabu vikaandika hivyo.

Lakini hesabu hiyo ilikuwa na kasoro ambayo mvuvi yeyote angeiona. Silikanti mzima anakaribia mita 2 na anaweza kupita kilo 100. Ukisema samaki wa ukubwa huo amefika hapo kwa miaka 20, unasema anakua kwa kasi ya jodari. Sasa mfikirie jodari: haachi kuogelea usiku na mchana, damu yake ya moto, anakula kwa fujo. Silikanti ni kinyume chake kwa kila kitu. Mchana kutwa amejibanza pangoni na wenzake, hatembei. Usiku anatoka na kuelea na mkondo polepole, akipunga mapezi yake yenye nyama kwa zamu, kulia na kushoto, akisubiri kitu kipite karibu na mdomo. Matamvua yake ni madogo kwa mwili wake, hewa anayovuta majini ni kidogo, na nguvu anayotumia kwa siku ni kidogo mno. Samaki wa namna hiyo hawezi kukua kama jodari. Mahali fulani pete zilikuwa zimesomwa vibaya.

Ndipo timu ya Mahé ikabadilisha taa. Badala ya mwanga wa kawaida, walitumia mwanga uliochujwa ukabaki unatetema upande mmoja tu. Wataalamu huuita mwanga wa polaraizi. Gamba limejengwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na nyuzi hizo huupindisha mwanga wa aina hii kwa namna tofauti kulingana na mpangilio wao. Kwa hiyo mabadiliko madogo ya mpangilio, ambayo mwanga wa kawaida unayapita bila kuyaonyesha, yanajitokeza kama mistari myembamba. Katikati ya pete nene zilizokuwa zikihesabiwa tangu zamani kulikuwa na pete nyingine nyembamba, karibu tano kwa kila moja. Hizo nyembamba ndizo za mwaka mmoja mmoja.

Zidisha sasa mwenyewe. Samaki aliyedhaniwa ana miaka 17 anakaribia 85. Mzee kuliko wote katika wale 27 alisomeka kuwa na miaka 84, na kwa mwenendo wa ukuaji wao watafiti waliona wazi kwamba samaki huyu anaweza kufikia karne moja.

Baba yako anaweza kusema: hizo nazo ni pete tu, mnajuaje kwamba safari hii mmesoma sawa? Ana haki. Mimi mwenyewe jambo linalonipa imani zaidi kuliko gamba lenyewe ni kwamba ushahidi wa aina nyingine kabisa ulishafika mahali pale pale, miaka kumi kabla. Mjerumani Hans Fricke na wenzake walianza kushuka Komoro kwa nyambizi ndogo mwaka 1987, wakawa watu wa kwanza kuwaona silikanti wakiwa hai katika makazi yao. Kila silikanti ana madoa meupe kwenye ngozi yake ya buluu, na hakuna wawili wenye mpangilio mmoja wa madoa. Kwa hiyo waliwapiga picha, wakawapa namba, na wakarudi mara kwa mara kwenye mapango yale yale kwa miaka 21. Walitambua samaki zaidi ya 140. Waliona nini? Samaki wale wale. Waliokuwa wakubwa walibaki hapo mwaka baada ya mwaka, karibu bila kuongezeka urefu, na waliokosekana walikuwa wachache sana kila mwaka. Ukijua ni wangapi wanakufa kwa mwaka unaweza kukadiria wanaishi muda gani, na kadirio la Fricke, lililochapishwa mwaka 2011, lilikuwa karibu miaka 100. Wakati ule lilipingana na magamba, yaliyosema 20. Kwa hiyo mwambie baba: naam, kuna mtu alikaa chini ya bahari akahesabu. Hakukaa miaka 100, lakini alikaa vya kutosha.

Mimba je? Miongoni mwa wale 27 wa Paris walikuwemo watoto wawili ambao hawajazaliwa, waliotolewa tumboni mwa mama yao. Silikanti hatagi mayai baharini. Yai lake ni kubwa ajabu, linafika sentimita 9 hivi, na linaanguliwa humo humo ndani. Mtoto anakulia tumboni mpaka atoke akiwa na urefu wa sentimita 35 hivi, akiwa mzima, mwenye magamba kamili. Na kwa kuwa ana magamba, pete zake zinasomeka. Watoto wale wawili wote walikuwa na pete tano. Miaka mitano tumboni. Kabla ya hapo makadirio yalikuwa kuanzia mwaka mmoja na kidogo hadi mitatu, nayo yalishaonekana ni makubwa. Tembo hubeba mimba miezi 22. Sijui mnyama mwenye uti wa mgongo ambaye tuna ushahidi kwamba anabeba zaidi ya silikanti.

Jambo la tatu katika utafiti ule halikuvuma kwenye simu kama la miaka 100, lakini mimi naliona ndilo zito kuliko yote: umri wa kuzaa. Dume anakomaa akiwa na miaka kati ya 40 na 69. Jike kati ya 58 na 66. Chukua 55 kama wastani wa jumla. Wapo samaki wanaoishi zaidi yake, papa wa Greenland kwa mfano, ambaye mwaka 2016 alithibitika kuishi si chini ya miaka 272. Lakini ukiunganisha mambo matatu, kuchelewa kukomaa, mimba ndefu na kukua taratibu, silikanti ni miongoni mwa walio mwisho kabisa wa msururu wa samaki wa baharini wanaojulikana.

Hapo ndipo swali lako la hifadhi linapopata jibu.

Hifadhi yenu ilianzishwa 2009. Ina kilomita za mraba 552, sehemu kubwa ikiwa bahari, kuanzia mdomo wa mto Pangani kusini hadi kupita jiji la Tanga kaskazini. Chukua silikanti jike aliyezaliwa mwaka ule ule, tena mwenye bahati, hakuliwa na papa wala kunaswa na wavu. Leo bado ni kijana. Atakomaa kati ya mwaka 2067 na 2075. Akishika mimba mwaka huo huo, watoto wake wa kwanza watatoka baada ya 2070. Wewe utakuwa mzee. Na hao watoto nao watahitaji miaka mingine hamsini na zaidi. Hivyo, mtu anayetazama hifadhi ya miaka kumi na kitu na kuuliza mbona samaki hawajaongezeka anauliza jambo ambalo mwili wa samaki huyu hauwezi kulitimiza. Silikanti wote wanaozaa leo katika maji ya Tanga walizaliwa kabla ya mimi na wewe kusikia jina la hifadhi. Wengine walizaliwa enzi za Mwingereza. Kinachoweza kufanywa na hifadhi kwa sasa ni kuzuia wasipungue. Kuongezeka kutaonekana na wajukuu zako, kama sisi tutafanya sehemu yetu.

Sasa geuza hesabu hiyo upande wa pili, upande wa hasara. Huko kwenu silikanti walianza kuonekana kwa wingi 2004 na 2005, baada ya wa kwanza wa Tanzania kunaswa upande wa Kilwa mwaka 2003, na kabla yake mmoja kunaswa Malindi, Kenya, 2001. Watu walishangaa: samaki aliyekuwa akisemwa ni adimu duniani, kwa muda mfupi wamenaswa kadhaa, wengi wakiwa maeneo ya Kigombe na Mwarongo. Wapo waliodhani ameongezeka. Hakuongezeka. Kilichobadilika ni jarife. Papa wa maji ya juu walikuwa wamekwisha, mapezi yake yana bei, na wavuvi wakawa wanashusha majarife ya macho makubwa chini zaidi, kwenye miteremko ya mita 50 hadi 150, karibu na mapango. Silikanti anatoka pangoni usiku, na jarife nalo linalala majini usiku. Wakakutana.

Kila jike mkubwa aliyenaswa wakati ule alikuwa na historia ya miaka sitini au zaidi nyuma yake. Na kama alikuwa na mimba, ni mimba iliyoanza miaka kadhaa kabla. Mwaka 1991 jike mmoja alinaswa na meli Msumbiji. Alipopasuliwa alikutwa na watoto 26 tumboni, karibu tayari kuzaliwa. Wavu mmoja, usiku mmoja, samaki 27. Kwa kibua au dagaa hasara ya namna hiyo inajazwa mwaka unaofuata. Kwa silikanti haijazwi ndani ya maisha ya mtu.

Lipo tumaini moja ambalo watu hulishika, nalo ni kwamba wakiisha Tanga watakuja wengine kutoka Komoro. Hawatakuja. Mwaka 2011 watafiti wa Japani wakiongozwa na Masato Nikaido, wakishirikiana na wataalamu wetu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya silikanti zaidi ya 20. Waliokuwa wamenaswa kusini mwa Tanzania walifanana na wa Komoro. Wa Tanga hawakufanana nao. Wenu ni ukoo wa peke yake, uliotengana na wengine zaidi ya miaka 200,000 iliyopita, na unazaliana wenyewe kwa wenyewe katika mapango hayo hayo. Inawezekana umbali wa baharini ukaonekana mdogo kwa mtu mwenye mashine, lakini samaki anayekaa pangoni mchana na kuelea usiku hasafiri. Ukoo wa Tanga ukikatika, umekatika. Hili ndilo lililonifanya niliandike jibu hili kwa urefu, maana naona watu wengi, hata wasomi, wanazungumza kuhusu silikanti kana kwamba ni mali ya dunia iliyotapakaa kila mahali, wakati kundi hili liko mbele ya nyumba zenu tu.

Nigusie upesi jambo jingine ambalo huenda umelisoma pia, kwamba silikanti ndiye babu yetu, samaki aliyetoka majini akawa mnyama wa miguu. Hapana. Jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, ilisomwa yote na kuchapishwa katika jarida la Nature Aprili 2013, na ilipolinganishwa na za wanyama wengine ikaonekana kwamba samaki aliye karibu zaidi na wanyama wa miguu minne, sisi tukiwemo, ni yule wa jamii ya kamongo, huyu huyu kamongo wa Ziwa Victoria anayejifukia kwenye tope kiangazi. Silikanti ni ndugu wa mbali kidogo. Hata hivyo ni ndugu wa heshima: ukoo wake una umri wa miaka milioni 400 hivi, na visukuku vyake vinakoma kuonekana kwenye miamba ya miaka milioni 66 iliyopita, wakati ule ule dinosaria walipotoweka. Ndiyo maana yule wa 1938 alitikisa dunia. Na bado ndani ya mwili wake liko pafu. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba mtoto wa silikanti tumboni ana pafu kubwa kiasi, ambalo baadaye linaacha kukua na kubaki kisehemu kisicho na kazi, limezungukwa na mafuta. Babu zake walivuta hewa ya juu, kisha ukoo ukahamia kilindini na pafu likakosa kazi.

Turudi kwa baba, kwa sababu hoja yake ya mwisho sitaki kuipita. Anasema samaki haliki, na ni kweli. Nyama yake imejaa mafuta ya aina ya nta ambayo tumbo la mtu haliwezi kuyasaga, anayekula anaharisha. Hakuna mvuvi wa Tanga anayekwenda baharini kumtafuta silikanti. Kwa hiyo kumwita mvuvi adui wa silikanti ni kumwonea, na mimi nimechoka kusikia maneno hayo yakisemwa kwenye mikutano ambayo hakuna mvuvi hata mmoja aliyealikwa. Jarife linamnasa kwa bahati mbaya. Ila bahati mbaya hii ina mahali pake na kina chake, na ndiyo maana inaweza kuepukwa. Mvuvi anayejua mteremko unaanzia wapi anaweza kuacha kushusha jarife pale, akabaki kwenye maji ya juu au akatumia mshipi. Tunachotakiwa sisi wengine ni kuhakikisha kwamba anayeacha eneo lile hapati njaa kwa kuacha, yaani apate zana mbadala, soko la samaki wengine, na nafasi ya kusema katika mipango ya hifadhi. Bila hilo tunamwambia mtu alishe samaki wa miaka 100 kwa chakula cha watoto wake.

Na wavu si hatari ya pekee. Bandari ya Tanga imetanuliwa, na Chongoleani, upande wa kaskazini wa jiji, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda. Silikanti anapenda maji ya baridi, kama nyuzi 15 hadi 20, kwa kuwa damu yake inabeba oksijeni vizuri katika ubaridi huo. Juu kuna joto asiloliweza, chini zaidi chakula ni haba. Anaishi katika ukanda mwembamba ambao hana pa kuhamia ukichafuka. Meli na bomba vinaweza kuendeshwa kwa uangalifu. Lakini uangalifu wenyewe upimwe kwa umri wa samaki huyu, si kwa miaka 20 tuliyokuwa tukimhesabia zamani. Ripoti ya athari kwa mazingira inayosema kiumbe hiki kitarudi katika hali yake baada ya miaka kumi inatumia kitabu kilichopitwa na wakati.

Ukiniuliza tufanye nini akinasa, nitakujibu kwa kadiri ninavyojua. Mara nyingi akifika juu anakuwa ameshachoka: joto linamtaka avute oksijeni zaidi na matamvua yake hayawezi. Kumburuta hadi ufukweni ili watu wamwone kunamuua. Kama bado anapunga mapezi, mkate kwenye wavu hapo hapo baharini, usimpandishe chomboni, mwachie juu ya mteremko aliotoka, haraka iwezekanavyo. Nafasi yake ya kupona ni ndogo, lakini ufukweni hana nafasi kabisa. Kama ameshakufa, msimfukie wala msimuuze, maana biashara yake kati ya nchi na nchi imepigwa marufuku. Toeni taarifa kwa afisa uvuvi au BMU ya kijiji, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi wa pwani, ili TAFIRI wamchukue. Najua wengine wanaficha kwa kuogopa kuhojiwa. Ningependa wakuu wa uvuvi watamke wazi, mbele ya wavuvi, kwamba anayeleta silikanti aliyenasa kwa bahati mbaya haadhibiwi. Anayefichwa anapotea mara mbili, baharini na kwenye elimu.

Nasema kwenye elimu kwa sababu moja ambayo baba yako ataielewa. Wale 27 waliosomwa wote ni wa Komoro. Miaka 84, mimba ya miaka mitano, kukomaa katika miaka ya hamsini, yote ni habari za Komoro, na sisi tunazitumia kwa Tanga kwa kuwa ni samaki wa aina moja. Lakini wenu wametengana nao muda mrefu, na wananaswa kwenye maji ya kina kidogo zaidi, kwa hiyo si ajabu wakawa na mwendo wao wa kukua. Magamba ya silikanti wa Tanga yakiwekwa chini ya taa ile ile, tutajua. Mwambie baba, akiona mmoja, akumbuke mambo matatu: tarehe, kina alichoshusha jarife, na mahali penyewe kwa alama za nchi kavu anazotumia yeye. Gamba litampa mtaalamu umri wa samaki. Lakini hayo matatu mtaalamu hawezi kuyapata popote isipokuwa kwa mvuvi aliyekuwepo.